Land Rover ya 1967 au Land Cruiser ya 1984? Jibu kwa Mwalimu wa Nkuhungu

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimestaafu ualimu na ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina shamba la zabibu Hombolo, na binti yangu ameolewa Iringa, kwa hiyo karibu kila mwezi tunapanda kwenda kuwaona wajukuu. Napenda magari ya zamani tangu ujana wangu na uwezo wangu ni wa gari moja tu. Nimeonyeshwa mawili. La kwanza ni Land Rover 109 ya 1967, ya petroli, imesimama miaka mingi chini ya mti huko Mpwapwa. La pili ni Land Cruiser HJ60 ya 1984, ya dizeli, ilikuwa ya misheni huko Iringa na bado inatembea, ila bei yake ni karibu mara tatu ya ile Land Rover. Kijana wangu, ambaye ndiye atakayeendesha zaidi, amejifunzia gari la otomatiki na moyo wake uko kwenye Land Rover. Nichukue ipi? Na ni kweli kwamba Land Rover ikiwekwa injini ya Toyota ubishi unakwisha?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Chukua Land Cruiser, ikipita vipimo nitakavyokueleza. Nasema hivyo huku nikiipenda Land Rover kuliko gari lolote linaloingia gerejini kwangu. Ungekuwa unakwenda Hombolo na kurudi tu, ningekwambia utafute gari la kuivuta kutoka Mpwapwa wiki hii hii. Lakini umetaja Iringa na umetaja kijana wako, na hayo mawili ndiyo yaliyoniamulia.

Magari haya yakikutana, watu huanza kubishana lipi ni gumu zaidi. Ubishi huo haukusaidii, kwa sababu yote mawili ni magumu. Yote yana chesisi nzito ya chuma chini ya bodi, yote yana ekseli nzima mbele na nyuma, yote yamekalia springi za vyuma bapa kila kona. Ukiyapitisha kwenye makorongo ya Bahi mwezi wa pili, yote yatatoka. Tofauti iko kwenye mwendo. Land Rover iliundwa kwa ajili ya shamba, na barabara ikaja baadaye. HJ60 iliundwa na watu waliojua kwamba mnunuzi ataondoka shambani saa kumi jioni na kutaka kufika mjini kabla ya giza, familia ikiwa ndani.

Angalia zilikotoka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kibali baada ya vita. Aloi ya alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, ndiyo maana kampuni ya Rover iliifanya bodi ya alumini yenye paneli bapa zisizohitaji mitambo mikubwa ya kukunjia. Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba lake Anglesey kule Wales, na gari alilolitaka ni la mkulima: livute, libebe, lizungushe mashine. Hiyo ya Mpwapwa, kama kweli ni ya 1967, ni Series IIA, toleo lililoundwa kati ya 1961 na 1971. Injini yake ni ya silinda nne, 2,286 cc, na nguvu zake hazifiki farasi 80. Jumla ya yote ni wazo lile lile la 1948 lililonenepeshwa kidogo.

HJ60 ilitoka mwaka 1980. Ndani yake kuna injini ya 2H, dizeli ya silinda sita, 3,980 cc, nguvu farasi takribani 105, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) wala kompyuta. Mbele ina diski breki. Ina busta ya breki, inayoupunguzia mguu kazi. Ina viti ambavyo mgongo wa mtu mzima utavishukuru kufika Mtera.

Sasa breki, na hapa naomba uvumilie, maana ndipo penye uzito.

Ile 109 ina breki za dramu magurudumu yote manne, na mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja tu. Maana yake masta silinda moja inasukuma mafuta kwenye njia moja inayokwenda kila gurudumu. Mpira mdogo wa wilisilinda, ile silinda ndogo ya breki iliyo gurudumuni, ya nyuma kushoto ukichanika, pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Land Rover nyingi za wakati ule hazikuwa na busta, kwa hiyo kusimamisha gari ni kazi ya paja lako. Kwa Hombolo, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hilo halina shida. Dereva anaona mbali, anapunguza mapema, anapita.

Mlima Nyang'oro ni habari nyingine. Ukirudi kutoka Iringa unaushuka, kona baada ya kona, gari likiwa limejaa wajukuu na magunia ya viazi ambayo binti yako hatakuacha uondoke bila kuyapakia. Dereva akikanyaga breki mfululizo, dramu inapata moto. Chuma kikipata moto kinatanuka, na dramu ikitanuka inakimbia mbali na brekishuu zilizo ndani yake, huku zenyewe zikiwa zimeanza kuteleza kwa joto. Unakanyaga zaidi, unapata kidogo zaidi. Diski ina bahati kwamba iko wazi, upepo unaipooza, na ikitanuka inasogea kuelekea kwenye brekipedi. HJ60 ina dramu nyuma pia, lakini kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na magurudumu ya mbele, ambako ndiko ziliko diski. Na mfumo wake wa mafuta umegawanywa mara mbili: upande mmoja ukivuja, mwingine unabaki.

Kuna jambo la breki ya mkono ambalo wengi hawalijui hadi liwapate. Kwenye Land Rover hiyo breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya giaboksi, kwenye propela shafti, ile nondo inayopeleka mzunguko ekseli ya nyuma. Shafti ya ekseli ya nyuma ikikatika, na kwenye 109 zilizobebeshwa mzigo hukatika, propela shafti inashikwa vizuri kabisa lakini gari linatembea lenyewe, kwa sababu difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inazungusha upande uliokatika. Mlimani, mwenye Land Rover ya zamani hutembea na jiwe au kabari ndani ya gari. Kijana wako aambiwe hivyo hata kama hatainunua, maana ipo siku ataendesha ya rafiki yake.

Nije kwa giaboksi, kwa kuwa kijana amejifunzia otomatiki. Series IIA ina gia nne, na sinkromeshi, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kusaga, iko kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Gia zote zilipata sinkromeshi Series III ilipotoka mwaka 1971. Ukitaka kurudi kutoka tatu kwenda mbili unafanya hivi: unakanyaga klachi, unatoa gia hadi katikati, unaachia klachi, unakanyaga mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza mbili. Ukipatia, inaingia laini bila sauti. Ukikosea, inasaga, na kila kusaga ni meno ya gia yanayobaki kama chenga kwenye oili. Mtu akifundishwa na mwalimu mwenye subira anajua kwa muda mfupi. Kinachonitia hofu ni katikati ya Nyang'oro, lori liko nyuma, kijana ametoa tatu akashindwa kuingiza mbili. Hapo gari halina gia, linashuka kwa uzito wake, na breki ni zile nilizokueleza. Hatari ya gari lile iko hapo, breki na giaboksi zikikutana mahali pamoja, na dereva mgeni ndiye wa kwanza kuikuta.

Ukiondoa hilo, Land Rover inanishinda moyo kwenye jambo moja: kuharibikia porini. Chukua ile shafti iliyokatika. Ekseli yake imeundwa hivi kwamba uzito wa gari umebebwa na habu (kitovu cha gurudumu) na beringi, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo hauhitaji hata jeki. Unafungua bolti sita za kifuniko cha habu, unachomoa kipande cha shafti, unakirudisha kifuniko ili vumbi lisiingie. Kisha unabonyeza kile kitufe cha njano kilicho sakafuni, magurudumu ya mbele yanashika kazi, na gari linakufikisha nyumbani likivutwa na mbele. Pampu ya petroli ina mkono mdogo pembeni unaoupampu kwa kidole hadi kabureta ijae. Betri ikifa kuna hendeli ya kuzungushia kwa mbele. Kila kitu unakiona kwa macho na unakifikia kwa spana chache.

HJ60 haiharibiki mara nyingi hivyo, lakini ikiamua kuharibika haikuombi spana, inakuomba hela. Pampu ya nozeli haifunguliwi chini ya mbuyu. Inakwenda kwa mtu mwenye mashine ya kuipima. Na silinda hedi ya 2H, gari likichemshwa kisha likaendeshwa hivyo hivyo, hupata nyufa kati ya valvu. Hapo unatafuta hedi nyingine. Kwa hiyo hesabu yako ya fedha isiwe bei ya kununulia peke yake. Land Rover itakudai kidogo kidogo kila mwezi maisha yake yote: sili, bushi, plagi, platini, mafuta yanayovuja kwenye yale mapira ya chuma ya mbele. Land Cruiser itakaa kimya muda mrefu, halafu siku moja itadai kwa mkupuo.

Mafuta nayapitia haraka. Hiyo 109 ya petroli itakupa kilomita 5 hadi 6 kwa lita ukiiendesha kwa adabu. HJ60 iliyo nzima hupata 8 au 9 kwenye lami. Kwa safari ya Iringa kila mwezi, ile tofauti ya bei ya kununulia itaanza kurudi yenyewe. Kumbuka pia kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari na Iringa ni juu zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100, na Land Rover haina nguvu za kupoteza. Kupanda Nyang'oro utakuwa gia ya pili, na mabasi yatakupigia honi.

Spea usiziogope kwa lolote kati ya haya mawili. Za 2H zinapatikana Kariakoo. Za Series bado zinatengenezwa karibu zote, kuanzia gaskiti hadi chesisi nzima mpya, ila nyingi utaziagiza kutoka Uingereza na kuzisubiri.

Hali yetu ya hewa ina neno lake hapa. Ukame wa Dodoma ni rafiki wa chuma na adui wa mpira. Gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam huliwa na chumvi ya bahari. Gari lililokaa Mpwapwa huenda chesisi yake ni nzima kuliko unavyodhani. Lakini jua limekausha kila bomba, kila sili, kila ganda la waya. Ile ya misheni imeishi Iringa, kwenye mvua na baridi, na bodi yake ni chuma mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kutu huko kutafute kwa makini: mfereji wa paa juu ya milango, nyuma ya magurudumu ya nyuma, mlango wa nyuma upande wa chini, na chini ya mazulia. Rangi mpya isikufurahishe. Uliza kwa nini imepakwa sasa.

Ukienda kuikagua, mwambie mwenye gari usiku kabla kwamba hutaki aliwashe. Fika asubuhi, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla yako, na ana sababu. Ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, tazama rangi ya maji na uguse ukingo kwa kidole: ukikuta utelezi wa oili, funga, shukuru, ondoka. Chomoa na kijiti cha oili. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Kisha subiri taa ya plagi za kupashia izime, washa huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, mtu mmoja akitazama maji. Mapovu machache ya mwanzo yataisha. Mapovu yanayoendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni moto wa silinda unaoingia kwenye maji, yaani gaskiti imekwisha au hedi imepasuka. Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi ya Iringa si kosa. Moshi wa bluu unaoendelea baada ya injini kupata joto ni ringi au sili za valvu.

Baada ya hapo iendeshe mlimani, na usikubali kuzungushwa mtaani tu. Tazama mshale wa joto wakati gari linapanda mlima. Ukisogea kidogo na kusimama, sawa. Ukiendelea kupanda, simamisha gari na usilinunue, hata ukiambiwa ni themostati tu. Kama ni themostati tu, angeibadilisha kabla hujafika. Mwisho ingiza magurudumu ya mbele na gia ya nguvu, tembea mita kadhaa kwenye udongo, sikiliza.

Ikipita hayo, nunua, kisha kabla ya safari ndefu ya kwanza badilisha maji ya rejeta, mabomba yote ya maji, mkanda wa feni, na peleka nozeli zikapimwe. Rejeta isafishwe kwa ndani na kwa nje, maana vumbi letu hujibana kati ya mapezi yake. Injini hii ikipozwa vizuri itatuzika mimi na wewe, Mwalimu.

Kuhusu injini ya Toyota kwenye Land Rover: inawezekana, na imefanywa sana nchini mwetu. Mafundi hutengeneza bamba la kuunganisha injini na giaboksi na gari linatembea. Lakini fikiria ulichopata. Umeongeza nguvu kwenye shafti ambazo tayari zilikuwa zikikatika, umeongeza kasi kwenye breki za dramu zenye mfumo mmoja, na giaboksi bado haina sinkromeshi chini. Ukitaka kuifanya sawa, inabidi ubadilishe pia ekseli na breki, na hapo umetumia fedha za HJ60 na zaidi bila kupata HJ60. Tena namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini bila kurekebisha kumbukumbu TRA, siku ya kuuza au siku ya ajali na bima utahangaika. Mimi injini ile ya asili ningeiacha mahali pake.

Na kama moyo wa kijana hautatulia, muulize mwenye gari wa Mpwapwa kama yuko tayari kusubiri mwaka mmoja hadi miwili, bei ibaki ile ile. Kwa muda huo kijana aende akaangalie chesisi. Achukue bisibisi nene na nyundo ndogo, alale chini, agonge boriti ya nyuma kabisa, vishikio vya springi, na ile mikono ya pembeni inayobeba bodi. Chesisi yake ni boksi lililochomelewa, huoza kutoka ndani, kwa hiyo sikio linajua kabla ya jicho: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Aangalie pia ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, maana huo si alumini. Na asije akaweka betri na kupiga stata. Atoe plagi zote nne, amimine oili kidogo kwenye kila silinda, aache siku mbili tatu, kisha azungushe taratibu kwa hendeli. Injini ikizunguka kwa mkono, ana kitu cha kuanzia. Kama imegoma, asilazimishe, aniite.

Kwa gari lolote utakalochagua, kabla hujatoa hata malipo ya awali omba kadi halisi, siyo kopi. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, isiwe kwenye karatasi tu, na mtu anayekuuzia awe ndiye aliyeandikwa au awe na barua ya misheni yenye mhuri. Magari ya mashirika mara nyingi yamepita mikono miwili au mitatu bila kadi kubadilishwa jina. Niandikie namba hizo na matokeo ya kipimo cha rejeta, ndipo tuzungumze bei.